Makasri ya Pienza: Jiwe Kama Dai la Heshima

Katika Italia ya kati miji mingi ya kale imekaa juu ya vilima, kwa kuwa kilima kilirahisisha ulinzi, kilikuwa na hewa safi kuliko mabonde yenye maji yaliyotuama, na kilimwezesha mwenye nguvu kuona mashamba aliyoyategemea kwa mapato. Ndani ya kuta za miji hiyo koo za mabwana zilijenga kile ambacho Waitaliano hukiita palazzo, neno ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa kasri, ingawa tafsiri hiyo huweza kumpoteza msomaji: palazzo si lazima yawe makao ya mfalme, bali ni nyumba kubwa ya mawe inayobeba jina la ukoo na inayoelekeza uso wake mahali ambapo watu wote hupita. Mhadhara huu unahusu makasri ya mji mmoja mdogo, Pienza, ulioko kusini mwa Siena juu ya bonde la mto Orcia, na hoja yake ni kwamba majengo hayo yanapaswa kusomwa kwanza kama dai, yaani tamko la mawe lililotolewa na ukoo uliowahi kunyang'anywa nafasi yake, kabla ya kusomwa kama makazi au kama kazi ya sanaa.

Kabla ya mwaka 1462 mji huo uliitwa Corsignano, nao ulikuwa kijiji tu. Ukoo wa Piccolomini ulikuwa wa mabwana wa Siena, lakini katika karne ya 14 jamhuri ya Siena iliwafungia mabwana mlango wa serikali, na tawi moja la ukoo huo likabaki kuishi kwa mashamba yake ya Corsignano. Huko ndiko alikozaliwa Enea Silvio Piccolomini tarehe 18 Oktoba 1405, katika nyumba yenye jina kubwa na mali ndogo, ambamo vijana walishika jembe pamoja na baba yao. Aliinuka kwa kalamu: alikuwa katibu wa maaskofu na wa makadinali, akavikwa taji la mshairi na Frederick III mwaka 1442, akaingia upadre akiwa mtu mzima, na mwaka 1458 akachaguliwa kuwa Papa kwa jina la Pius II. Mapema mwaka 1459, akiwa njiani kwenda Mantua kuwahimiza watawala wa Ulaya wapigane na Waosmani, alipita Corsignano, na katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe alieleza huzuni iliyompata alipowakuta watu wa rika lake wamekwisha kuzeeka, wengine hata hawatambuliki. Katika safari hiyohiyo alikuwa akiishinikiza Siena iwarudishie mabwana haki za kushika madaraka. Mambo hayo mawili, kijiji kilichozeeka na heshima iliyodaiwa, hayatenganishiki na uamuzi aliouchukua wa kujenga pale kanisa na kasri.

Kazi hiyo alikabidhiwa Bernardo Rossellino, mchongaji na msanifu majengo wa Florence, naye alipewa kiwanja kigumu, kwani ukingo wa kilima ulikuwa mwembamba na uliteremka ghafla kuelekea kusini. Jibu lake lilikuwa uwanja ambao pande zake mbili hazilingani kwa uelekeo: kuta za makasri mawili yanayotazamana hupanuka kadiri mtu anavyokaribia kanisa, hivyo uwanja mdogo huonekana mpana, na pande zote mbili za kanisa hubaki nafasi ambamo bonde huchungulia. Kanisa liko kusini, kasri la Piccolomini magharibi, kasri la askofu mashariki, na jengo la baraza la mji kaskazini. Hivyo dini, ukoo na serikali ya mji viliwekwa kutazamana, na kisima cha ukoo, chenye nguzo mbili zinazoshika boriti ya mawe, kikawekwa pembeni mwa kasri ili hata mwenye kuteka maji akumbushwe ni kwa fadhila ya nani.

Uso wa kasri la Piccolomini unahitaji kutazamwa kwa utulivu. Ukuta wake umegawanywa katika ngazi tatu, na kila ngazi imepangwa kwa nguzo bapa, yaani nguzo zilizotokeza kidogo tu ukutani, ambazo kazi yake ni kuupa ukuta vipimo na mizani kwa kufuata kanuni zilizofikiriwa kuwa za Warumi wa kale, wala si kubeba paa. Mpangilio huo unafanana mno na ule wa kasri la ukoo wa Rucellai mjini Florence, ambalo huhusishwa na Leon Battista Alberti, mwanazuoni aliyerudisha elimu ya ujenzi wa kale. Katika mtaa mwembamba wa Florence, hata hivyo, uso kama huo ulikuwa mmoja kati ya nyingi zilizoshindana. Ulipohamishiwa kijijini ulisimama kama lugha ya wasomi kati ya nyumba za wakulima, na haukosi ukali. Hilali za nembo ya Piccolomini zilichongwa juu ya majengo mara nyingi kiasi kwamba mpita njia hawezi kuzikwepa. Chini kabisa, pembezoni mwa ukuta, kuna kitako kirefu cha mawe, na Kiswahili kina neno lake halisi: baraza. Wafuasi wa ukoo, waombaji na wapita njia walikaa hapo. Ukarimu ulionyeshwa hadharani, na aliyeketi alikuwa tayari amekiri kwamba anamngojea mwenye nyumba.

Upande wa kusini, hata hivyo, kasri hilo hubadilika kabisa, na hapo ndipo ilipo thamani yake ya juu kuliko yote. Ukuta unafunguka kuwa roshani tatu zilizopandana, ambazo Waitaliano huziita loggia, yaani varanda ndefu zenye nguzo na zilizo wazi upande mmoja, na zote zinatazama bustani, bonde la Orcia na, mbali zaidi, mlima Amiata wenye urefu wa zaidi ya mita 1,700. Bustani yenyewe imejengwa juu ya matao yaliyoinua ardhi ya mteremko, na chini ya matao hayo palikuwa na zizi la farasi, hivyo wageni walitembea kati ya mimea huku wanyama wakilishwa chini ya miguu yao. Makasri ya miji ya zama hizo yalijifunga kuzunguka ua wa ndani kwa hofu ya adui na jirani. Hili lina ua wake, lakini linapita ng'ambo ya ua na kuutafuta upeo wa macho. Ni miongoni mwa nyumba za mwanzo katika zama za Mwamko wa Sanaa ambamo mandhari iliingizwa kwenye ramani kama chumba kingine cha nyumba. Na mandhari ile haikuwa ya kupumzisha macho tu: bonde lililoonekana kutoka roshani lilikuwa ndilo bonde ambalo mtoto Enea alilijua kwa jembe, na mtu aliyelilima sasa alilitazama kutoka juu.

Dai la mtu mmoja huwafunga na wengine. Pius II aliwahimiza makadinali waliomzunguka wajenge Pienza, na mwenye busara hakukataa. Rodrigo Borgia, ambaye mwaka 1492 angekuwa Papa Alexander VI, alipewa jengo la kale ili alitengeneze, na ndilo lililokuja kuwa kasri la askofu upande wa mashariki wa uwanja. Jacopo Ammannati, aliyepokewa katika ukoo wa Piccolomini hata akalibeba jina lake, alijenga lake katika barabara kuu, na Mfaransa Jean Jouffroy pamoja na Francesco Gonzaga wa Mantua nao walianzisha yao. Majengo hayo yana sura ya wajibu: mengi yana kuta za lipu mahali pa mawe ya kuchonga, na hakuna hata moja linaloonyesha ari iliyomo katika kasri la Papa. Haifai kuyalaumu kwa hilo, kwa maana hakuna aliyejenga Pienza kwa sababu aliipenda Pienza, ila mmoja.

Gharama ilipita makadirio kwa mbali, hadi zaidi ya dukati 50,000 kwa kanisa na kasri, nazo dukati zilikuwa sarafu za dhahabu. Wapo waliomshtaki Rossellino kwa udanganyifu. Pius II aliandika kwamba alimwita, akamshukuru kwa kumficha ukweli, kwa kuwa kama angeambiwa bei halisi asingethubutu kuanza, kisha akamtunuku dukati 100 na joho jekundu. Maelezo hayo yamependwa na waandishi, lakini yanaficha jambo zito zaidi, nalo ni ardhi. Papa alitaka kanisa lililojaa nuru, mfano wa makanisa aliyoyaona katika nchi za Wajerumani, na ili jua liingie, sehemu ya altare iligeuzwa kuelekea kusini, juu ya ukingo wenyewe wa mteremko ambao haukuwa imara. Misingi ilichimbwa kwa kina kikubwa, lakini nyufa zilionekana wakati wa ujenzi, na mpaka leo sakafu ya kanisa hilo huinama kuelekea bondeni.

Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 29 Agosti 1462, na mwaka huohuo Corsignano ikapewa jina la Papa na hadhi ya mji wenye askofu. Kando ya makasri, karibu na ukuta wa kaskazini, ilijengwa pia safu ya nyumba kumi na mbili zinazofanana, kwa ajili ya wakazi wa kawaida ambao makao yao yaliguswa na ujenzi, na barabara yake bado inaitwa kwa jina la nyumba mpya. Wanahistoria wa majengo huzitaja kwa haraka, jambo la kusikitisha, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba ili mji wa heshima upatikane ilibidi watu wahamishwe, na kwamba mwenye kuwahamisha alijua kuwa ana deni kwao.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1464, Pius II alifariki Ancona akingojea meli za vita vyake dhidi ya Waosmani, na Rossellino akafariki mwaka huohuo. Makadinali hawakuwa tena na sababu ya kwenda Pienza. Mji ukakoma kukua, na kwa kukoma huko ukahifadhika, hata UNESCO ikaliandikisha eneo lake la kihistoria katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Ukoo wa Piccolomini ulikaa katika kasri lake karibu miaka mia tano, hadi mwaka 1962, na leo wageni hupita katika vyumba vyake mpaka roshani ya kusini, ambapo mlima Amiata unaonekana pale pale ulipopangiwa kuonekana.