Nani Aliyeliunda Gari la Namba 46?

Historia ya gari kwa kawaida husimuliwa kutoka viwandani, Marekani, Ulaya au Japani. Katika kipindi hiki natetea hoja nyingine: matatu ya namba 46 iendayo Kawangware, na ya namba 8 iendayo Kibera, zimeundwa zaidi na mahitaji ya abiria na sheria za Nairobi kuliko na kiwanda chochote.

Tuanze na basi. Kampuni ya Kenya Bus ilianzishwa mwaka 1934, na mwaka 1966 Baraza la Jiji likaipa haki ya pekee ya kubeba abiria mjini, nalo likachukua asilimia 25 ya hisa. Basi kubwa lilifaa barabara pana na ratiba. Lakini jiji lilipanuka kuelekea mitaa ambayo mipango rasmi iliipuuza, Kibera na Kawangware zikiwemo. Pengo hilo lilizibwa na matatu za kwanza: pikapu zilizoezekwa nyuma na kufungwa mabenchi ya mbao, nauli yake ya awali ikiwa senti 30. Biashara hiyo ilikuwa haramu mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoiruhusu bila leseni maalumu. Umbo lile halikuchorwa na mhandisi wa kampuni yoyote. Lilitoka kwa fundi aliyejua abiria wake wana pesa kiasi gani na wanaishi wapi.

Wapo watakaosema kwamba baadaye Japani ndiyo iliyoleta Nissan na Toyota, nasi tukapokea tu. Lakini nyingi ziliingia zikiwa mitumba, na viti vikafungwa hapa hapa. Kisha Februari 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zikaleta mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Sura ya gari lile lile ilibadilishwa na sheria.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama abiria ndiye mbunifu, mbona alijazwa kupita kiasi na kuhatarishwa? Jibu limo katika mkataba wa dereva na mwenye gari. Dereva humpelekea mwenye gari kila siku kiasi maalumu cha pesa, kiitwacho hesabu, na kila abiria wa ziada humsogeza karibu na hesabu hiyo. Abiria naye huchagua kwa kadiri ya mfuko wake. Wengi wa Kibera bado hutembea hadi Eneo la Viwanda ili kuokoa nauli.

Ndiyo maana yaliyotokea Julai 2018 yanauma. Maelfu ya wakazi wa Kibera walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kwa miongo mingi gari lilikuwa limejirekebisha limfuate mkazi. Safari hii mkazi aliondolewa ili gari lipite. Wanaopanga usafiri wa Nairobi wana wajibu wa kuanza na anayeishi kando ya njia: anakwenda wapi, na ana uwezo wa kulipa nauli gani? Gari na barabara vifuate majibu yake.