Shukrani ni Kurudi

Maneno ya katibu wa kwaya katika ibada ya shukrani ya jubilii ya miaka 50

Masomo: Luka 17:11–19, Mambo ya Walawi 25:8–13

 



Nimepewa dakika kumi na tano. Najua katibu akishika kipaza sauti watu hushika mifuko, kwa maana wamezoea kusikia habari za michango. Leo tulieni. Sikuja na orodha ya madeni. Nimekuja na madaftari.

Haya ndiyo madaftari ya mahudhurio ya kwaya hii. Yako sita. La kwanza limeanza kuliwa na mchwa pembeni na wino wake umefifia, lakini majina bado yanasomeka. Ukurasa wa kwanza una watu kumi na wanne. Baadhi yao wameketi hapa mbele leo, na wengine wametangulia mbele za Bwana. Kila Jumamosi kwa miaka hii yote, kuna mtu aliyeketi karibu na mlango akaandika nani amefika na nani hayupo. Kazi hiyo haina makofi. Mimi ni mwalimu, kila asubuhi naita majina darasani, na kwa muda mrefu niliona rejista ni kazi ya kalamu tu. Nilibadilisha mawazo siku niliposoma tena habari ya wale wakoma kumi.

Luka anatueleza kwamba walisimama mbali wakapaza sauti wakiomba rehema. Bwana akawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja wao, naye alikuwa Msamaria, alipoona amepona aligeuka akarudi, akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Wanakwaya, angalieni hapo. Wakati wa kuomba walipaza sauti wote kumi. Wakati wa kushukuru ilisikika sauti moja tu, nayo ilikuwa ya mgeni.

Kisha Bwana akauliza waliko wale wengine tisa. Niliposoma swali hilo nikajiambia: kumbe Bwana naye anaweka rejista! Alijua waliopona ni kumi. Aliyerudi alimwona, na ambao hawakurudi aliwakosa. Tena hatuambiwi kwamba wale tisa walinyang'anywa uponyaji wao. Walifika nyumbani wakiwa wazima. Walipokea zawadi, lakini hawakurudi kumwona aliyewapa.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Tunasema kutoa shukrani, lakini katika ibada zetu tunasema pia kurudisha shukrani. Mtu husimama mbele ya ushirika akasema amekuja kumrudishia Mungu shukrani. Kurudi na kurudisha ni ndugu wa tumbo moja. Fedha siku hizi unaweza kuzituma kwa simu ukiwa umelala kitandani, lakini shukrani huja na miguu yake. Ninalotaka kuwaachia leo ni hilo moja: shukrani ni kurudi.

Naomba nishuhudie jinsi nilivyofundishwa.

Nilipomaliza diploma ya ualimu nilifikiri ajira itanifuata nyumbani. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Nilikuwa nikifundisha kwa malipo madogo ya mkataba, mwezi mwingine yanakuja, mwezi mwingine hayaji. Wenzangu niliosoma nao wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Ikafika Jumapili moja kwaya ikatakiwa kuimba katika ibada ya shukrani ya mwenzangu aliyepata kazi. Nilivaa sare, nikasimama kwenye mstari wa alto, nikafungua mdomo, na sauti haikutoka. Si kwamba nilikuwa na mafua. Nilikuwa na hasira na Mungu. Jumamosi iliyofuata sikwenda mazoezini, wala iliyofuata. Nikakaa nje ya kwaya miezi kumi na mmoja.

Kanuni zetu zinasema mtu akikosa mazoezi miezi mitatu bila taarifa, jina lake linaondolewa. Kwa hiyo nilijua nimeshafutwa. Jioni moja mama mmoja wa alto, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa katibu, alipiga hodi kwangu. Alikuja na chupa ya maziwa. Hakunihubiria. Hakuniuliza kwa nini nimepotea. Aliuliza habari za wanafunzi wangu, akanywa chai, akainuka kwenda. Alipofika mlangoni akasema, "Mwalimu, tuna wimbo mpya na alto imetushinda. Nafasi yako iko." Basi.

Nilirudi. Na siku niliyorudi hakuna kilichokuwa kimebadilika. Sikuwa na ajira, na dukani nilikuwa nadaiwa. Barua ya ajira ilikuja baadaye sana, kwa hiyo mtu asije akasema kwamba nilirudi kwaya ndipo Mungu akanilipa. Mungu hafanyi biashara hiyo. Nilichopata siku ile ni kwamba katikati ya ubeti wa pili nilikumbuka mambo niliyokuwa nimeyasahau: kwamba niko hai, kwamba watoto arobaini wananingoja Jumatatu, kwamba kuna mtu amenitembelea. Hasira yangu ilikuwa imenizuia kuhesabu.

Miaka ilipita, nikachaguliwa katibu, nikakabidhiwa madaftari haya. Nikafungua kurasa za ule mwaka wangu. Jina langu lipo. Jumamosi baada ya Jumamosi, mbele yake kuna herufi H, yaani hayupo, na pembeni, kwa penseli, neno moja: tunamngoja. Mama yule alivunja kanuni ya kwaya kwa ajili yangu na hakuniambia hata siku moja. Ameketi hapa leo. Amenikataza nisimtaje, kwa hiyo sitamtaja, lakini anaona machozi yangu.

Wapendwa, huenda mtu akasema, "Katibu, mimi leo sijisikii kushukuru." Nakuelewa. Lakini tazama jinsi Daudi alivyopanga huduma ya waimbaji. Tunasoma katika 1 Mambo ya Nyakati 23 kwamba Walawi walipewa kazi ya kusimama kila asubuhi kumshukuru Bwana, na jioni vivyo hivyo. Katika sura ya 25 waimbaji stadi ni 288, wamegawanywa zamu 24, kila zamu watu 12, na kura ikapigwa bila kubagua mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi. Shukrani ilikuwa na zamu, kama mwalimu wa zamu shuleni. Naamini kati ya watu 288 kulikuwa na aliyeamka na mgonjwa nyumbani, na aliyegombana na jirani. Zamu yake ilipofika, alisimama. Mara nyingi moyo hufika baada ya miguu.

Hata sisi tumeona hivyo. Machi 2020 korona ilipoingia nchini, makanisa yalifungwa. Katika daftari la tano kuna kurasa ambazo hazina alama yoyote, na mimi huzipita haraka kwa kuwa zinaniumiza. Julai yalipofunguliwa, ibada ilikuwa isizidi saa moja wala waumini 100, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Mnakumbuka kwaya ilivyokuwa. Tulisimama wanane, tumeachana kwa hatua, barakoa usoni, na besi karibu yote ilikuwa imeachwa nyumbani kwa sababu ya umri. Mzee wetu mmoja, ambaye ua wake unapakana na kiwanja cha kanisa, alikuwa akitoa kiti chake nje kila Jumapili. Tukianza wimbo, madirisha yakiwa wazi, tulisikia besi ikiingia kutoka upande wa pili wa ua. Daftari halina nafasi ya kuandika mtu wa namna hiyo. Nilimwandika yupo.

Sasa naja kwenye neno jubilii, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni gumu kwangu.

Tumeshona sare mpya, tumepika, tumealika wageni, na ni vizuri. Lakini Mambo ya Walawi 25 inasema baragumu ya mwaka wa hamsini ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, nayo ndiyo siku ya upatanisho. Jubilii ya Biblia haikuanza kwa pilau. Ilianza siku ya kutubu. Na ilipotangazwa, watu walirudi: kila mtu kwenye urithi wake, kila mtu kwa jamaa yake. Aliyepoteza shamba lake alilirudia, na aliyejiuza kuwa mtumwa alirudi kwao. Kama hakuna aliyerudi, hiyo ilikuwa sherehe tu.

Kwa hiyo nilikaa na madaftari haya sita nikauliza swali la Bwana: wengine wako wapi? Wapo waliohama, wapo waliozaa na kulea, wapo waliolala. Lakini wapo pia tuliowafukuza sisi wenyewe bila kuwaambia ondokeni.

Miaka michache iliyopita tulichangisha sare. Fedha zilichelewa, fundi akadai, na kamati ikaamua majina ya wasiomaliza kulipa yasomwe hadharani baada ya ibada. Aliyesoma ni mimi. Nilisoma kwa sauti safi ya kialimu, jina na deni, jina na deni. Mmoja wao alikuwa mama mjane anayefua nguo za watu kwa kibarua. Alikuwa amebakisha kiasi kidogo sana. Aliinamisha kichwa, na Jumapili iliyofuata hakuonekana. Na baada ya miezi mitatu, kwa kufuata kanuni, nililipiga jina lake mstari.

Mimi, ambaye jina langu lilingojewa miezi kumi na mmoja, nilimfuta mwenzangu kwa miezi mitatu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Nilipeleka maziwa, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nilimwomba msamaha, na nikamwomba ruhusa ya kusema haya mbele yenu bila kumtaja. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Hakuniambia atarudi. Sina haki ya kumdai jibu. Lakini jioni ile nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikaandika jina lake upya, na pembeni, kwa penseli, nikaandika lile neno.

Ndugu zangu, tukitoka hapa, shukrani yetu isibaki kwenye jukwaa hili. Nyumbani, kabla ya kumwomba Mungu la kesho, rudi kwanza kwa lile la jana. Litaje kwa jina mbele ya watoto wako ili nao wajifunze kuhesabu. Kama kuna mtu aliyekukopesha karo ukapata kusoma, au aliyekulea wakati mama yako amelazwa, mrudie ukiwa huna shida ya kumweleza. Mwenye boda boda anayefunga siku na shilingi chache, muuza mboga aliyerudi na nusu ya mzigo, ana haki ya kulia mbele za Mungu, na Zaburi nyingi ni kilio. Lakini hata anayelia na asimame kwenye zamu yake.

Na kwa wanakwaya nina ombi moja. Mezani pale nyuma nimeweka orodha ya majina tuliyoyapiga mstari. Kila mmoja wetu achukue jina moja tu. Nenda ukamtembelee mwezi huu. Usiende na hotuba wala usiende na daftari. Kaa, kunywa chai, uliza habari za watoto. Kama kuna kosa letu, likiri. Ukifika mlangoni, mwambie nafasi yake iko.

Tuombe. Ee Bwana, umetuhesabu kwa miaka hamsini na hukutuchoka. Tusamehe tulipopokea tukaenda zetu. Tusamehe tulipofunga mlango uliouacha wazi. Warudishe waliopotea, nasi uturudishe pamoja nao. Katika jina la Yesu, Amina.

Mazoezi ni Jumamosi saa nane mchana, kama kawaida. Rejista nitaifungua mapema.

Bwana awabariki.