Meza ya tanki nayo ni sehemu ya maji
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Fizi)



Leo sitaongea juu ya mambo makubwa. Nitaongea juu ya meza, ile meza ya mbao inayobeba tanki la maji. Wengi wenu mnajua kwa nini. Ile siku meza yetu ilianguka, mtoto wa kike alikuwa ametoka pale na bidoni yake, hata hatua kumi hajafika. Tanki lilipasuka, na kwa majuma mawili watu walirudi kuchota ziwani. Siye wa kandokando ya ziwa tunajua kipindupindu, sina haja ya kuwaeleza.

Kosa lilikuwa langu pia. Mama mmoja aliniambia mbele: “Mwanangu, hii kitu inatikisika.” Nilimjibu kwamba fundi anajua kazi yake. Lakini mimi ndiye niliyempa fundi pesa kidogo na siku moja tu ya kazi.

Sasa tusikilizane vizuri. Litre moja ya maji ni kilo moja. Tanki la litre 1000 likijaa ni tani moja, yaani mifuko 20 ya simenti ya kilo 50, usiku na mchana. Hakuna mtu anayeweza kuweka mifuko 20 juu ya meza ya kulia chakula, ila tanki tunaliweka kwa sababu likiwa tupu kijana mmoja analibeba kichwani. Tunadanganywa na wepesi wake.

Meza yetu iliangukaje? Maji yalimwagika kwenye robine kila siku, udongo ukalainika, mguu mmoja ukazama. Meza ikainama. Boriti zilikuwa zimepigiliwa ubavuni mwa miguu, kwa hiyo uzito wote ulikuwa juu ya misumari. Misumari ikapinda, ikatoka.

Ndugu yetu mmoja, aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, alipata ile habari akanipigia simu. Yeye anafuga samaki wa Ziwa Tanganyika sebuleni, ndani ya sanduku la vioo la litre 500. Meza yake aliitengeneza mwenyewe. Aliniambia: “Samaki wangu wamekaa juu ya meza yenye nguvu kuliko maji ya watoto wenu.” Iliniuma, lakini ni kweli. Akanifundisha, na fundi wetu akaongeza yake. Hivi ndivyo tulivyojenga mpya:

Kwanza, chini. Tulishindilia udongo, tukaweka changarawe, na kila mguu umekaa juu ya jiwe bapa. Mti usiguse udongo, sababu ya mchwa na kuoza. Maji ya robine yana mfereji wake wa kuyapeleka mbali.

Pili, mbao ikae juu ya mbao. Miguu ni 9, mistari mitatu ya miguu mitatu, na boriti imelala juu ya vichwa vya kila mstari. Ukigawa sawasawa, kila mguu unabeba kama kilo 110, ingawa ule wa katikati unabeba zaidi. Msumari kazi yake ni kushika mbao isihame. Kubeba ni kazi ya mti.

Tatu, mbao za mshazari pande zote nne. Meza yenye miguu minene bila mshazari inaweza kulala ubavu kama mlevi.

Nne, juu pawe tambarare, mbao zimebanana. Kitako cha tanki la plastiki kikikosa mbao chini yake, kinabonyea na mwisho kinapasuka. Na uwanja wa meza uzidi kitako pande zote.

Tano, tusipende urefu. Bidoni ya litre 20 ikiingia chini ya robine, inatosha. Meza yetu mpya iko na sentimita 70. Ile ya zamani ilikuwa na mita mbili, eti ipendeze kwenye picha.

Mwisho, majaribio. Tulitia maji robo, tukapima usawa kwa mpira mwangavu wenye maji, tukangoja. Nusu, tena vilevile. Lilipojaa, tuliliacha usiku kucha, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia mpaka asubuhi.

Ndugu wafadhili, nina ombi moja. Kwenye makaratasi ya proje, tanki linaandikwa, robine zinaandikwa, meza haiandikwi. Tunaambiwa “mchango wa wenyeji”. Lakini mtu aliyerudi juzi, anayelala chini ya shiti, atatoa wapi mbao nene? Atatoa alichonacho, na alichonacho kitaanguka. Andikeni meza pamoja na tanki.

Na nyinyi wanachama, kila Jumamosi mtu wa komite apite, atazame miguu, apige mbao kwa nyundo asikie kama imeoza. Na mama akisema kitu kinatikisika, tusimame, tutazame. Mimi sikusimama. Mungu alitusaidia ile siku. Tusimjaribu mara ya pili.