Deni Hufuata Namba ya Chombo
Mazungumzo na wenye vyombo vya moto wa Mitundu



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya kamera ya kupima mwendo, ambayo sote tumezoea kuiita tochi, na faini inayoandikwa kwa mfumo wa kielektroniki. Huenda mtu akasema, mambo hayo ni ya watu wa mjini. Lakini tuitazame safari yenu. Mtu hupakia alizeti au asali hapa, husafiri hadi Itigi, huendelea mpaka Mkiwa, na hapo ndipo anapoikuta lami itokayo Manyoni kwenda Singida. Lami ile ni raha, na mguu huwa mzito. Mbele yake, hata hivyo, kuna Issuna na kuna Ikungi. Na penye makazi ya watu sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Hata nje ya makazi, mabasi na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa.

Tochi hufanya kazi yake upesi. Hupeleka mwale kwenye chombo, mwale hurudi, na kutokana na safari hiyo kifaa hukokotoa mwendo. Picha hupigwa ikiwa na tarehe, saa na mwendo uliosomwa. Mara nyingi askari mwenye tochi siye atakayekusimamisha. Picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, na huyo ndiye huinua mkono. Ndiyo maana dereva hushangaa kusimamishwa mahali ambapo alikuwa akienda polepole.

Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 katika kila sekunde. Kilomita 80 ni mita 22. Mtoto akikatiza barabara kumfuata mbuzi, dereva huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujagusa breki. Katika sekunde hiyo, mita nane za ziada zaweza kuwa ndizo uhai wa mtoto. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha namna ya kuikwepa tochi. Nimekuja kuwaomba mlijue jambo moja ambalo limewagharimu wengi bila wao kufanya kosa lolote, nalo ni hili: faini ya kielektroniki hukaa kwenye namba ya usajili ya chombo. Chombo kikibadili mikono, deni huenda nacho.

Tozo ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa mwaka 2021 na kuwa shilingi 10,000. Isipolipwa kwa wakati huongezeka, na askari yeyote atakayeiingiza namba ya chombo chako katika mashine yake ataliona deni hilo, hata kama liliandikwa mkoa mwingine.

Tuseme kijana amevuna tumbaku, akapata fedha, akanunua pikipiki iliyotumika. Amekagua injini, matairi na kadi, akalipa. Siku anayosimamishwa Itigi ndipo anapoambiwa kuwa pikipiki ina makosa manne, yote yameandikwa kabla hajaijua. Hayo ni shilingi 40,000, bila nyongeza. Aliyemuuzia hapokei simu tena. Kwa lori lenye makosa sita hesabu hufika shilingi 180,000. Mnunuzi huyu hakuvunja sheria. Alisahau tu kuuliza swali moja.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kutoa fedha, ingieni katika tovuti ya Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz, muandike namba ya usajili ya chombo. Madeni yaliyopo yataonekana. Asiye na simu ya intaneti amwombe ndugu, au aende kwenye duka la huduma za kompyuta. Fanyeni hivyo muuzaji akiwapo. Likionekana deni, ama alilipe kwanza, ama likatwe katika bei na lilipwe palepale. Kisha msichelewe kubadilisha umiliki kupitia Mamlaka ya Mapato. Na wewe uliyeuza, jua kwamba jina lako likibaki kwenye kadi, kosa la mnunuzi litaonekana kama lako.

Lipo pia jambo la bodaboda za mkataba. Mwenye pikipiki humkabidhi kijana, naye huleta hesabu kila siku. Siku wanapoachana, deni la barabarani hugeuka ugomvi, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Andikeni mapema katika mkataba nani atalipa faini, na mwenye chombo aikague namba yake kila mwisho wa wiki. Deni la wiki moja lina mtu anayelikumbuka. La mwaka mzima hukosa mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, ukisimamishwa barabarani ufanye nini? Kwanza, simama na umsalimu askari kwa heshima. Pili, omba kuiona picha. Si utovu wa adabu kuiomba. Angalia mambo manne: namba ya usajili ni yako, mahali ulipita, tarehe na saa zinalingana na safari yako, na mwendo ulioandikwa unazidi ule unaoruhusiwa pale. Tatu, amua. Tozo ile imewekwa kwa anayekubali kosa, amalize jambo bila kesi. Ukilipa, umekiri. Usipokubali, sema hivyo kwa upole na usilipe. Haki yako ni kupelekwa mahakamani, utoe maelezo yako mbele ya hakimu. Lakini kukaa kimya, kulitupa karatasi na kuondoka si kukataa kosa. Huko ni kuliacha deni likue.

Ukikubali, lipa kwa kumbukumbu namba tu. Namba hiyo ina tarakimu 12 na huanza na 99, na hulipiwa benki au kwa simu, katika sehemu ya malipo ya serikali. Fedha ya faini haiendi kamwe kwenye namba ya simu ya mtu, wala haitiwi mkononi mwa mtu. Ukipata ujumbe usemao chombo chako kina faini, nawe ukatakiwa utume fedha kwa namba fulani, usitume. Kwanza itazame namba ya chombo chako katika tovuti niliyoitaja. Ukishalipa, tunza ujumbe wa malipo, kisha rudi kwenye tovuti uhakikishe deni limefutika.

Na akitokea mtu akakwambia mmalizane hapohapo kwa nusu ya bei, kumbuka kwamba mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote wawili wana hatia. Tena nusu hiyo haina risiti, na deni laweza kubaki palepale kwenye namba yako. TAKUKURU hupatikana kwa simu namba 113, bila malipo.

Ndugu zangu, dawa ya deni kulipa. Lakini anayelipa lazima kwanza ajue deni ni la nani na limetoka wapi. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye chombo aitazame namba yake. Na kesho mkifika kwenye lami ya Mkiwa, uangalieni ule mduara mwekundu wenye 50 ndani yake, mpunguze mwendo hata pale msipomwona askari, kwa sababu watoto wa Issuna na Ikungi ni sawa na watoto wa Mitundu.