Wakfu kwa Vijana wa Bahari



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Sura Ar-Rum, aya ya 41, inatukumbusha kuwa uharibifu wa bara na bahari ni chumo la mikono yetu. Kisiwa cha Misali, Pemba, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, kisha wavuvi wakafunzwa kwa Qur'ani kuwa bahari ni amana, na kuvua kwa baruti ni kuihujumu.

Nani ataendeleza kazi hiyo? Kijana wetu aliyesomea bahari mara nyingi hupata mafunzo ya kazi mfadhili wa ng'ambo anapomlipia posho. Ufadhili ukikoma, naye huacha. Tunazo wakfu za misikiti na visima. Kwa nini tusiwe na wakfu wa kumlea huyu?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa sadaka yenye kuendelea na elimu yenye manufaa hazikatiki kwa mauti. Katika posho ya kijana huyu zimo zote mbili. Tusingoje wageni watulindie amana tuliyokabidhiwa sisi.

Wabillahi tawfiq.