Nani Alimlipia Mgonjwa?

Wasikilizaji wa Goweko, Igalula na nyote mlio kandokando ya Reli ya Kati, leo tunaulizana: mgonjwa asiye na kitu, matibabu yake yalilipwa na nani?

Enzi za misafara ya kwenda Ujiji, swali hilo halikuwepo. Mpagazi akizidiwa njiani, mara nyingi mzigo wake alitwishwa mwingine na yeye akaachwa.

Mwaka 1926 Waingereza walianzisha mpango wa madresa, vijana waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa za kawaida, kisha wakarudishwa kwao. Mishahara yao ilitoka kwenye hazina za watemi na watawala wengine wa jadi. Hazina hizo nazo zilijazwa na nini? Kodi. Yaani mkulima alikwisha kuilipia dawa ya serikali kabla hajaugua. Tunaposimuliwa hisani ya mkoloni, tulikumbuke hilo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaja na zahanati vijijini na matibabu bila malipo. Mwaka 1977 hata hospitali binafsi za kutafuta faida zikapigwa marufuku. Wazee wanaukumbuka wakati huo kwa fahari, na wana haki. Ila uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera, dawa zikaadimika. Mgonjwa akapimwa bure, kisha akaambiwa akanunue dawa mwenyewe.

Mwaka 1993 serikali ikaanza kuwachangisha wagonjwa. Wajawazito na watoto chini ya miaka 5 walisamehewa. Na maskini? Naye alisamehewa, kwenye karatasi. Ilimbidi apate barua ya uongozi wa kijiji inayothibitisha kwamba hana uwezo. Hebu fikiria homa imekupanda, na mtendaji kaenda kikaoni mjini! Nadhani wengi waliona afadhali kuuza kuku.

Jibu jingine lilijaribiwa hapahapa mkoani Tabora. Mwaka 1996 Igunga iliizaa CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii: kaya ililipa mchango wa mwaka, serikali ikaongeza kiasi kilekile, tele kwa tele. Sheria ya mwaka 2001 ikaupeleka nchi nzima. Mfuko ulimfaa mwenye akiba baada ya mavuno. Asiyevuna kitu akabaki na barua yake.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Sasa kazi ngumu ni ileile ya mwaka 1993: kuwatambua. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kwa ajili hiyo, nendeni mkasikilize majina yakisomwa.