Uzamili Bila Kuacha Kazi

Msikilizaji wetu wa Puge, mkoani Tabora, tusidanganyane: kupata ithibati ya uandishi wa habari, stashahada inatosha. Uzamili wa mawasiliano unakufaa ukitaka kufundisha, kutafiti au kuongoza kitengo cha habari.

Mwenye nafasi ya kuhama atasoma darasani kutwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza, ambako ni karibu zaidi. Mwajiriwa aulizie Chuo Kikuu Huria. Kina kituo Tabora mjini, na lami inakufikisha.

Kinachokwamisha wafanyakazi wengi ni tasnifu. Basi chagua mada unayokutana nayo kila siku, mathalani namna mkulima wa tumbaku anavyopata taarifa za bei.

Na kabla hujalipa ada, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaitambua programu uliyoichagua.